Ruzuku Ina Msimu Wake: Mwongozo kwa Vikundi vya Kitale na Bungoma

Mkulima wa Kiminini hangoji kuambiwa mvua itaanza lini. Kufikia Februari shamba limekwisha kulimwa. Mwishoni mwa Machi, ardhi inapoanza kulowa, mbegu na mbolea ziko ghalani. Anayeanza kutafuta jembe mvua ikiwa imeshika huvuna mabua.

Pesa za umma nazo zina msimu. Vikundi vingi vya Trans Nzoia na Bungoma vinavyostahili kusaidiwa hukosa ruzuku kwa sababu huanza kujiandaa siku tangazo linapobandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya wadi. Siku hiyo ndipo wanachama hugundua kwamba cheti cha kikundi kimepitwa na muda, kwamba mweka hazina aliyehamia Eldoret bado ndiye anayetia sahihi benki, na kwamba mkutano wa mwisho ulioandikwa ulifanyika mwaka juzi. Tangazo linawapa wiki mbili, na kazi iliyo mbele yao ni ya miezi mitatu.

Makala haya yanaeleza pesa hizo ziko wapi, nani anaweza kuziomba, lini zinaamuliwa, na namna ya kuzitunza zikishafika.

Kutoka mabaraza hadi kaunti

Wazee wanayakumbuka mabaraza ya zamani: Baraza la Manispaa ya Kitale, Baraza la Kaunti ya Nzoia, na yale ya Bungoma. Sheria ya mfuko wa LATF ya 1998 ilitengea mabaraza hayo asilimia 5 ya kodi ya mapato, na tangu 2001 mpango wa LASDAP ukawataka wakazi wakae katika wadi zao na kuchagua miradi wanayoitaka. Mabaraza yaliondoka baada ya uchaguzi wa Machi 2013, serikali za kaunti zilipoanza kazi. Haki ya mkazi kusema anataka nini ilibaki, na sasa imeandikwa kwenye Katiba ya 2010.

Leo Trans Nzoia ina maeneobunge matano na wadi 25. Bungoma ina maeneobunge tisa na wadi 45. Kwa mwananchi wa kawaida, wadi ndiyo mlango wa kwanza wa kubisha.

Kabla ya kubisha, ni vizuri kujua kazi ya nani ni ipi. Jedwali la Nne la Katiba limeipa kaunti kilimo na mifugo, zahanati na vituo vya afya, masoko na leseni za biashara, vyama vya ushirika, shule za chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, maji na barabara za kaunti. Shule za msingi na za upili, polisi na ofisi za machifu ni za serikali ya kitaifa. Kikundi kinachoiomba kaunti darasa la shule ya upili kinapoteza mwaka. Ombi hilo ni la ofisi ya NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa eneobunge. Mfuko huo nao Mahakama Kuu iliamua Septemba 2024 kwamba sheria yake inakiuka Katiba, kwa hiyo ulizeni hali yake ofisini kabla ya kupanga juu yake.

Ruzuku, mkopo na mradi wa wadi

Watu huviita vyote "pesa za serikali", kisha wakaumia. Ni vitu vitatu tofauti.

Ruzuku hairudishwi, lakini ina masharti. Itumike kwa kazi iliyoandikwa kwenye ombi, na mtoaji ana haki ya kuja kukagua.

Mkopo hurudishwa, hata ukiwa hauna riba. Kuna vikundi vilivyochukua mkopo wa mfuko wa umma vikidhani ni zawadi ya siasa, vikagawana, na baadaye wanachama wote wakafungiwa mlango wa kukopa tena.

Mradi wa wadi hauingii mfukoni mwa kikundi hata kidogo. Ni kisima, kalavati, banda la soko au dipu ya ng'ombe, na kaunti yenyewe ndiyo humlipa mkandarasi. Kazi ya wananchi ni kuupendekeza, kuutetea na kuufuatilia.

Kabla ya kujaza fomu yoyote, ulizeni: hii ni ipi kati ya hizo tatu?

Milango iliyopo

*Idara za kaunti.* Kilimo, biashara, ushirika, vijana na jinsia huwa na programu za kugawa mbegu, mifugo, mashine au mitaji. Mfuko wowote wa kaunti unapaswa kuundwa kwa kufuata kifungu cha 116 cha Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, na kuwa na kanuni zake. Ombeni nakala ya kanuni hizo. Humo ndimo mtaona nani anastahili, kiasi cha juu ni kipi, na nani anaketi kwenye kamati ya kuchagua.

*NAVCDP.* Huu ni mradi wa kilimo unaofadhiliwa na Benki ya Dunia kwa dola milioni 250, ulioanza 2022 katika kaunti 33, Bungoma na Trans Nzoia zikiwemo. Ulifuata nyayo za NARIGP, uliofanya kazi katika kaunti 21, zetu mbili pia zikiwemo. Unawashughulikia wakulima wa mazao na mifugo iliyochaguliwa, kama maziwa, kuku, kahawa na ndizi, na unapitia kwenye vikundi vya wakulima na SACCO za wadi. Mkulima aliye peke yake ana nafasi ndogo. Aliye ndani ya kikundi chenye hisa katika SACCO ya wadi yuko karibu na mlango.

*FLLoCA.* Mpango huu wa kugharimia hatua za tabianchi mashinani unapitia mifuko ya tabianchi ya kaunti. Kila wadi huwa na kamati ya mipango ya tabianchi, na wakazi ndio hueleza wanasumbuliwa na nini: chemchemi iliyokauka, mteremko wa Mlima Elgon unaomomonyoka, mto unaofurika. Anayetaka chanzo cha maji kilindwe au kitalu cha miche kianzishwe aanze kwa kuwajua wanakamati wa wadi yake.

*NGAAF.* Mfuko huu wa kitaifa ulianzishwa 2015, na ofisi yake ya kaunti hufanya kazi pamoja na mwakilishi wa wanawake bungeni. Hutoa ruzuku kwa vikundi vya wanawake, vijana, watu wenye ulemavu na wengine walioachwa nyuma.

*NYOTA.* Huu ni mpango wa vijana wa miaka 18 hadi 29, na hadi 35 kwa wenye ulemavu, ambao masomo yao hayakuvuka kidato cha nne. Mtaji wa biashara ni shilingi 50,000 kwa kijana, unaotolewa kwa awamu, na sehemu yake huwekwa akiba. Maombi yalipokelewa kwa simu, kupitia *254#, bila malipo.

*Mikopo nafuu.* Uwezo Fund, ulioanzishwa 2013, huvikopesha vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu kati ya shilingi 50,000 na 500,000. Hauna riba, una ada ya usimamizi ya asilimia 3, na kikundi hupewa miezi sita kabla ya kuanza kulipa. Ofisi yake iko katika eneobunge, na kikundi kinatakiwa kiwe kimedumu angalau miezi sita na kiwe na mtindo wa kuweka na kukopeshana. Mfuko wa Wanawake na ule wa Vijana nayo inahudumu katika kaunti zote mbili. Hustler Fund, ulioanza Novemba 2022, una mkopo wa vikundi kuanzia shilingi 20,000 hadi milioni moja.

*Zabuni zilizotengwa.* Huu si msaada, ni kazi. Sheria inatenga asilimia 30 ya ununuzi wa serikali kwa biashara za vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, chini ya mpango wa AGPO. Kikundi cha kina mama wa Chwele kinachouza maharagwe au kushona sare kinaweza kuuzia hospitali na vyuo vya kaunti kikiwa na cheti cha AGPO. Watu wenye ulemavu waulize pia ofisi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, ambalo husaidia vikundi vyao kwa ruzuku za kujiinua.

Karatasi zinazofungua kila mlango

Karibu kila mfuko huuliza mambo yale yale. Mkiyaweka tayari mara moja, kila tangazo litakuwa kazi ya siku mbili.

1. *Cheti cha kikundi.* Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022 inataka kikundi kiwe na watu wasiopungua kumi. Usajili ni kwa afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo. Bebeni kumbukumbu za mkutano wa kuanzisha kikundi, katiba, na orodha ya wanachama pamoja na namba za vitambulisho. Cheti huhuishwa kila baada ya miaka miwili.

2. *Katiba ya kikundi.* Isiwe ile ya kunakili kwenye duka la fotokopi. Iseme mwenyekiti, katibu na mweka hazina hukaa muda gani, anayekufa au kujitoa hurudishiwa nini, na mali ya kikundi itakwenda wapi kikivunjika. Kikundi chenye mashine ya pamoja bila kifungu hicho kinajiwekea ugomvi.

3. *Akaunti ya benki au SACCO*, kwa jina lile lile lililo kwenye cheti, herufi kwa herufi. "Tuinuane Women Group" kwenye cheti na "Tuinuane Self Help" benki ni vikundi viwili machoni mwa mkaguzi. Watia sahihi wawe watatu.

4. *PIN ya KRA ya kikundi.*

5. *Daftari la mikutano na la fedha.* Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Kamati ya ruzuku hulifungua daftari kabla ya kusoma maneno matamu ya ombi. Kikundi kilichochanga shilingi 100 kila wiki kwa miaka miwili na kuandika kila shilingi kina ushahidi kwamba kinaweza kushika laki mbili.

6. *Hati ya mahali pa mradi.* Kama banda litajengwa kwenye shamba la mwanachama, pawe na maandishi ya ukodishaji au ridhaa, yenye sahihi yake, ya mwenzi wake na ya mashahidi. Miradi mingi huzikwa pamoja na mwenye shamba, watoto wake wanapokuja kudai ardhi.

Kalenda ya bajeti kando ya kalenda ya mahindi

Mwaka wa fedha wa kaunti huanza Julai 1. Wengi hufikiri huo ndio wakati wa kuomba. Kufikia Julai, chakula kimekwisha kupakuliwa.

*Wakati wa kulima, Februari.* Kufikia Februari 28, kaunti hupeleka katika bunge lake waraka wa mkakati wa fedha, unaosema kila idara itapata kiasi gani. Maoni ya wananchi hutafutwa kabla ya hapo. Mnaotaka kilimo kiongezewe, semeni hapa.

*Wakati wa kupanda na palizi, Aprili hadi Juni.* Makadirio ya bajeti hufika katika bunge la kaunti kufikia Aprili 30. Kamati ya bajeti ya bunge husikiliza wananchi, na bajeti hupitishwa kabla ya Juni kwisha. Hapa ndipo mradi wa wadi yenu huonekana kwa jina na kiasi, au hukosekana.

*Mahindi yanapokauka shambani, Agosti na Septemba.* Kufikia Septemba 1, kaunti hupeleka katika bunge lake mpango wa maendeleo wa mwaka, ule maofisa huuita ADP. Mradi ambao haumo kwenye mpango huu ni vigumu kuingia kwenye bajeti ya Julai inayofuata. Kwa hiyo kalavati mnayoitaka mwaka ujao inadaiwa mwaka huu, kabla ya mavuno.

Juu ya hayo yote kuna mpango wa miaka mitano, CIDP. Wa sasa ni wa 2023 hadi 2027. Maandalizi ya unaofuata ni nafasi inayokuja mara moja tu kwa miaka mitano, na wadi inayolala wakati huo italala muda mrefu.

Mikutano ya maoni ya wananchi hutangazwa magazetini, kwenye tovuti ya kaunti, redioni, katika baraza la chifu na kwa msimamizi wa wadi. Mteueni mwanachama mmoja kazi yake iwe kuuliza ofisi ya wadi kila mwezi. Mkienda, msiende na mdomo mtupu. Andikeni maoni yenu kwenye ukurasa mmoja, kwa Kiswahili sanifu kama ndicho mnachokimudu, mkisema mradi ni upi, uko kijiji gani, utawafaa watu wangapi. Toeni nakala mbili, moja muiache, nyingine ipigwe muhuri wa kupokelewa mrudi nayo. Maneno ya mkutanoni husahaulika. Muhuri haukanushiki.

Kuandika ombi linaloaminika

Ombi zuri hujibu maswali matano: tatizo ni lipi, tutafanya nini, kazi itagharimu kiasi gani, sisi wenyewe tunatoa nini, na mwaka wa pili utaendeshwa na nini. Swali la tano ndilo huangusha wengi.

Tuchukue mfano wa kikundi cha watu kumi na wanane karibu na Kamukuywa kinachotaka mashine ya kuangua vifaranga vya kuku wa kienyeji. Kikisema tu "tunaomba mashine ili tuinue maisha", hakijasema kitu. Heri kifanye hesabu. Mayai 200 kwa shilingi 25 ni 5,000. Mayai huanguliwa kwa siku 21, na tuseme yanatoka vifaranga 140. Vikiuzwa kwa shilingi 100 kila kimoja, mapato ni 14,000. Ondoa 5,000 za mayai, na 3,500 za umeme, chanjo ya kideri na usafiri. Zinabaki 5,500 kwa mzunguko mmoja. Kwa mizunguko 12 kwa mwaka ni shilingi 66,000. Kikundi kikiamua 1,000 za kila mzunguko ziwekwe kando kwa matengenezo, mwisho wa mwaka kina 12,000 za kununua kifaa kitakachoharibika.

Bei hizi ni za mfano. Nendeni Chwele au soko la Kitale mpate za siku. Hesabu ya namna hii pia huwaonyesha nyinyi wenyewe hatari iliyopo. Je, vifaranga vikitoka 90 badala ya 140? Mapato ni 9,000, mnabaki na shilingi 500. Umeme ukipotea usiku, mna nini cha kutia joto mayai? Andikeni jibu. Kamati ikiona mmelifikiria janga kabla halijaja, inawaamini.

Ambatisheni bei zilizoandikwa kutoka kwa wauzaji watatu. Onyesheni mchango wenu: banda lililokwisha kujengwa, matofali, kazi ya mikono, akiba iliyo benki. Na ombeni kiasi kinacholingana na daftari lenu. Kikundi chenye akiba ya 30,000 kinachoomba milioni mbili kinajikataa chenyewe.

Pesa zikifika

Itisheni mkutano kabla ya kutoa hata shilingi. Someni ombi lililokubaliwa mbele ya wote, ili kila mwanachama ajue zimekuja kwa kazi gani. Ununuzi ufanywe na watu watatu, malipo yapitie benki au simu yenye kumbukumbu, risiti zibandikwe daftarini. Mashine iandikwe kwenye orodha ya mali ya kikundi, na namba yake.

Kisha wekeni zamu ya uendeshaji na mlipeni anayefanya kazi. Mashine ya watu wote isiyo na mwenye zamu hufa mapema. Hesabu zisomwe kila robo mwaka, hata pale ambapo hakuna faida. Kugawana ruzuku ni kuvunja mkataba, na huwafungia mlango wenzenu wa wadi watakaoomba baadaye.

Mkinyimwa, au mkiombwa chai

Fomu za mifuko hii haziuzwi. Anayedai "pesa ya kufungua faili" kwa namba yake ya simu ni tapeli au mla rushwa. Ada halali, kama ya usajili, hulipwa kwa njia rasmi ya serikali na mnapata risiti. Rushwa huripotiwa EACC, tume ya kupambana na ufisadi, na Vituo vya Huduma vya Kitale na Bungoma vinaweza kuwaelekeza.

Mkikataliwa, ulizeni sababu kwa maandishi. Ibara ya 35 ya Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 zinampa kila raia haki ya kuomba orodha ya waliochaguliwa, vigezo vilivyotumika na kiasi kilichotolewa. Ombi linaweza kuandikwa kwa Kiswahili, kulipeleka hakutozwi ada, na ofisi ina siku 21 za kujibu. Ikinyamaza, malalamiko hupelekwa kwa Ombudsman. Andikeni kwa heshima, bila matusi wala siasa, kwa sababu afisa huyo huyo mtakutana naye msimu ujao. Mara nyingine jibu litawaonyesha kosa dogo, kama jina la akaunti lisilolingana na cheti, ambalo mnaweza kulirekebisha siku hiyo hiyo.

Kikao kijacho

Katika kikao chenu kijacho, kabla ya kuanza kuchanga, toeni cheti mezani na msome tarehe ya mwisho. Fungueni daftari la fedha, hesabuni pesa zilizo mkononi, na muone kama zinalingana na maandishi. Tajeni watia sahihi benki, mmoja mmoja, na muulizane kama bado wanaishi hapa. Kisha mchagueni atakayekwenda ofisi ya wadi kuuliza mkutano wa maoni unaofuata ni tarehe ngapi, na mwandike jina lake kwenye kumbukumbu.

Kazi hiyo yote inamalizika kwa saa moja, na haigharimu kitu. Ndiyo kulima kwenyewe. Tangazo likibandikwa ukutani, nyinyi mtakuwa mnapanda.